Askofu Mkuu si bosi wa maaskofu wengine

Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando pale karibu na groto, mkononi ana karatasi ameikunja mara nne. Parokia yao ya ushago imeunganishwa na ya jirani, watu wamekasirika, na yeye ameamua Jumatatu anashuka tao mpaka Holy Family, kanisa kuu la Nairobi, kumwona Askofu Mkuu amwambie yule askofu wao aachane na hayo maneno. "Mwalimu, si yeye ndiye mkubwa?"

Hapa mtaani naitwa mwalimu kwa sababu nafundisha makatekista sheria ya Kanisa, na hilo swali nimeulizwa mara nyingi sana, kwa hivyo wacha niliandike tu hapa.

Si mkubwa wake. Kinachochanganya watu ni lugha yetu wenyewe, tunasema majimbo ya Kanisa kama Machakos, Nakuru, Kitui, Ngong, Kericho na hata Wote lililozaliwa juzi 2023 yako "chini ya" Nairobi, basi mtu anafikiria ni kama ofisi, ukikosana na meneja unapanda ngazi kwa mkurugenzi. Kumbe kila askofu anawajibika moja kwa moja kwa Papa. Askofu Mkuu ana jimbo lake la kuchunga kama wenzake, na juu ya hapo anaongezewa vitu vichache, viko kwenye kanuni ya 436 ya Sheria ya Kanisa: aangalie imani na nidhamu zinashikwa, akiona mambo yanaharibika apeleke habari Roma, askofu akizembea kutembelea parokia zake anaweza kwenda yeye lakini Roma ikubali kwanza, na jimbo likibaki bila askofu halafu washauri wapitishe siku 8 hawajachagua msimamizi, anamteua yeye. Baada ya hapo sheria inasema wazi hana mamlaka mengine ya uongozi huko. Ongeza rufaa, kesi za ndoa zikiamuliwa Machakos au Kitui na mtu hajaridhika, huwa zinakuja kwa mahakama ya Kanisa ya Nairobi.

Nikifundisha hii kitu mfano wangu ni mmoja tu, marehemu Ndingi Mwana a'Nzeki. Alizaliwa Mwala siku ya Krismasi 1931, akapata upadre 1961, akawa askofu wa kwanza wa Machakos 1969, kisha 1971 akateuliwa Nakuru. Sasa watu wengi hapa Nairobi wanamkumbuka kama Askofu Mkuu mkali aliyegombana na serikali, lakini ukihesabu vizuri ule ukali mwingi ni wa Nakuru! Mlolongo wa 1988, ile ya kupanga laini nyuma ya mgombea kila mtu akiona umesimama wapi, aliupinga waziwazi. Vita vya kikabila vilipowaka Bonde la Ufa miaka ya tisini mwanzoni, waliofukuzwa mashambani walilala kwenye viwanja vya makanisa ya jimbo lake, na yeye akasema hadharani kwamba serikali ina mkono humo.

Miaka hiyo yote Nakuru ilikuwa "chini ya" Nairobi, na Nairobi alikuwepo Kardinali Otunga, mtu mpole, mnyamavu, wa sala. Tabia tofauti kabisa. Wanafunzi huniuliza, mbona Otunga hakumwambia atulize mdomo? Hakuwa na uwezo huo, hata angetaka! Na hata kama wakubwa wa KANU, chama kilichotawala wakati huo, wangekwenda kumlilia Otunga usiku na mchana, Ndingi hakuwa mfanyakazi wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzuri ya huu mpangilio, ingawa ubaya wake ndio huo unaomuuma mama wa watu na karatasi yake, maana ulinzi ni uleule, askofu jasiri anaupata na askofu mgumu kusikia pia anaupata.

1996 Ndingi akaletwa Nairobi kuwa msaidizi mwenye haki ya kurithi, Otunga akang'atuka Aprili 1997, yeye akakalia kiti mpaka Oktoba 2007. Alifariki 31 Machi 2020, wakati wa korona, mazishi ya watu wachache, sisi wengine tukiwa tumefungiwa nyumbani.

Kitu pekee cha kuonekana kinachomtofautisha Askofu Mkuu akiwa altareni ni palio. Ukikaa mbele utaiona: utepe mwembamba wa sufu nyeupe, unazunguka mabegani juu ya kasula, lile vazi la juu la Misa, ncha moja inaning'inia kifuani nyingine mgongoni, na misalaba sita myeusi. Wanakondoo wa sufu hiyo wanabarikiwa Roma sikukuu ya Mtakatifu Agnes, 21 Januari, na palio zenyewe zinabarikiwa 29 Juni. Zamani Papa aliwavisha Maaskofu Wakuu kulekule, kuanzia 2015 Balozi wa Papa akawa anawavisha nyumbani mbele ya waumini wao, halafu 2025 Papa Leo akarudia kuwavisha mwenyewe Roma. Na haivaliwi nje ya provinsi yako, yaani jimbo lako na yale yaliyo "chini" yake, kwa hivyo wa Nairobi anaweza kuivaa Machakos lakini akialikwa kusoma Misa Kisumu anaiacha kabatini. Ndiyo maana Askofu Mkuu Anyolo alipohamishwa kutoka Kisumu kuja Nairobi 2021, ile ya Kisumu haikutosha, kanuni ya 437 inataka mpya.

Turudi kwa mama. Nikamwambia nauli ya tao aiweke kwanza. Ukipinga amri ya askofu unaanza na yeye mwenyewe, kwa maandishi, ndani ya siku 10 tangu uijue, unamwomba aifute au airekebishe. Akikataa, unaenda Roma, si Holy Family. Akaikunjua ile karatasi, kumbe ni nakala ya tangazo lililosomwa kanisani kwao, tukatafuta tarehe. Siku ya saba. Akaniangalia, akaingiza mkono kwenye kibeti akatoa kalamu, akasema basi kaa hapa, Mwalimu, tuandike.