Upara wa kurithi: unatoka kwa baba au kwa mama?

Upara wa kurithi ni hali ya mwanamume kupoteza nywele kwa mpangilio unaojulikana. Zinaanza kurudi nyuma pembeni mwa paji la uso, utosi nao unaanza kung'aa, kisha sehemu hizo mbili zinakutana na kuacha ukanda wa nywele unaozunguka kisogo kutoka sikio hadi sikio. Hauumi wala hauwashi. Ukiona mabaka ya duara au magamba, huo ni ugonjwa mwingine, pengine mapunye, na unataka daktari.

Kinachorithiwa hasa ni udhaifu wa mashina ya nywele za mbele na utosini mbele ya homoni moja iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Shina lenye udhaifu huo husinyaa kidogo kidogo. Unywele uliokuwa ukikua kwa miaka kabla ya kudondoka sasa unakua kwa miezi, unatoka mwembamba na mfupi, na mwishowe yanabaki malaika tu. Mtu anayeanza upara akikagua kitana chake atakuta vinywele vifupi laini vimechanganyika na nywele za kawaida. Mara nyingi kinyozi ndiye anayeona kwanza, maana utosi wako yeye anauona kuliko wewe.

James Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Alipowapa testosteroni, wenye asili ya upara katika ukoo wao walianza kupoteza nywele. Wengine wakabaki nazo. Kwa hiyo homoni peke yake haitoshi, na ukoo peke yake hautoshi. Na wale wanaotamba kwamba kipara ni ushahidi wa urijali wajue kuwa kwa kawaida testosteroni yao haizidi ya mwenye nywele kichwa kizima.

Sasa kesi ya ukoo. Wengi husema mtazame babu mzaa mama, na wana hoja. Jeni moja yenye nguvu sana katika jambo hili imo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba sifa za kurithi ndani ya seli, na mtoto wa kiume hupewa X na mama yake tu. Lakini mama ana X mbili, moja ya baba yake na moja ya mama yake, na anachompa kila mwana ni mchanganyiko wa hizo. Ndiyo maana ndugu wawili, tumbo moja baba mmoja, mmoja anaweza kuwa na kipara akiwa na miaka 30 na mwenzake akazeeka na nywele zake. Ndiyo maana pia inafaa kumtazama mjomba, si babu peke yake.

Baba naye hatoki kwenye kesi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanaume zaidi ya 52,000, ulipata maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na upara, na mengi hayamo kwenye X. Hayo yanaweza kutoka upande wowote. Tazama pande zote mbili, na bado utakuwa unabashiri.

Dawa zipo. Finasteridi huzuia utengenezaji wa DHT, na minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, hurefusha muda wa nywele kukua. Zote hufanya kazi kwa muda unaozitumia. Ukiacha, upara unaendelea na safari yake. Finasteridi inaweza kuleta matatizo ya tendo la ndoa kwa baadhi ya watumiaji, kwa hiyo usiinunue kienyeji bila daktari. Kupandikiza nako kunawezekana, kwa kuwa nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele hubaki na uwezo wake wa asili wa kuhimili DHT. Ama mafuta yanayoahidi kichwa kimejaa ndani ya wiki mbili, unywele wa kawaida hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi.