Siti laini ndiyo iliyokuwa ikimuumiza

Mwanamke mmoja alikuja karakanani kwangu Arusha na siti ya baiskeli mkononi, kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka dukani. Ilikuwa pana, ya jeli nene, na juu yake kavalisha kifuniko kingine cha jeli. "Dada, nimenunua ulaini wote unaouzwa mjini, na bado nikikaribia Longido sijisikii kabisa huko chini." Alikuwa akijiandaa na mashindano, anafanya mazoezi barabara ya Namanga mara tatu kwa wiki. Mafundi wawili walishamwambia atazoea. Wote wanaume, bila shaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi yangu ni kumkalisha mtu sawasawa juu ya baiskeli yake. Wanawake wanaoshindana wakija, huanza kunieleza habari za goti. Tukishakunywa chai, sauti inashuka, na hapo ndipo linatoka lile lililowaleta: ganzi, uvimbe, michubuko, vijipu. Kwenye makala hii nitayaita mambo kwa majina yake, maana kuzungukazunguka ndiko kumewafanya wengi waumie kimyakimya.

Nianze na hiyo jeli. Ukikalia godoro la sponji lililochoka, mwili unazama penye uzito, na sponji inapanda kando yake. Kwenye siti, uzito uko kwenye mifupa miwili ya kukalia. Ikizama, jeli inapanda katikati, na katikati ndipo ulipo msamba na nyama laini za uke, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa mtu anayekwenda sokoni dakika kumi, ameketi wima, jeli haina neno. Kwa saa tatu za mbio, ndiyo inayoleta ganzi. Siti nzuri ya mashindano huwa ngumu kiasi cha kumshtua mtu akiibonyeza kwa kidole gumba dukani. Lakini siti haikaliwi kwa kidole gumba.

La pili ni mkao. Mwanamke anayeshindana hakai kama wa kwenye baiskeli ya kikapu. Mgongo unalala, mikono imeshika pembe za chini za usukani, na nyonga nzima inabingirika kwenda mbele. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake waendesha baiskeli 48: ambao usukani wao ulikuwa chini ya kimo cha siti walikuwa na mgandamizo mkubwa zaidi kwenye msamba, na hisia zao sehemu za siri zilikuwa zimepungua. Na mkao huo ndio hasa tunaoutafuta kwenye mbio ili kukata upepo. Kwa hiyo simwambii mtu ainue usukani halafu akae mkiani. Kwanza natazama kama ameushusha kuliko mwili wake unavyoweza, kwa sababu tu ameona picha za waendesha baiskeli wa mbio wa Ulaya. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kuupandisha sentimita moja au mbili kunapunguza nusu ya kilio kabla hatujagusa siti.

Sasa mifupa yenyewe. Watu hudhani ni vifundo viwili tu. Fikiria manati: matawi mawili yameachana upande wa nyuma, yanakwenda yakikaribiana hadi yanakutana mbele, kwenye kinena. Ukikaa wima unakalia ncha za nyuma, palipo pana. Ukiinama unasogea mbele juu ya matawi hayo, na upana unapungua. Ndiyo maana kipimo cha dukani, unapokalia kifaa ukiwa umenyooka kama uko kanisani, kinaweza kukupa siti pana mno. Siti pana mno kwa mtu aliyeinama hukwaruza mapaja ya ndani kila pedeli inapozunguka, na tunazungumzia mizunguko 80 au 90 kwa dakika.

Unaweza kujipima nyumbani. Chukua kipande cha boksi lenye mikunjomikunjo ndani, kiweke juu ya kibaraza cha saruji, ukikalie ukiwa na nguo nyepesi. Inama, viwiko juu ya magoti, nyanyua visigino, subiri kidogo. Ukisimama utaona au utapapasa mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine. Ili kupata upana wa siti kwa mkao wa mbio, mimi huanza kwa kuongeza kama milimita 20, na huo ni mwanzo tu. Na usijikadirie kwa kioo: nimepima wanawake wenye makalio makubwa mifupa yao ikiwa imekaribiana, na wembamba kama fimbo ambao mifupa yao iko mbali. Nyama hazisemi chochote kuhusu mifupa.

Habari ya tundu ambalo siti nyingine zina katikati yake ina utata zaidi. Kwa wengi linasaidia, maana linaondoa mgandamizo pale pasipostahili kubanwa. Kwa wengine nyama laini huzama humo, kingo zake zinakata, na uvimbe unatokea palepale. Mwaka 2018 kampuni ya Specialized ilitoa siti za Mimic kwa sababu hiyo: badala ya kuacha uwazi, waliujaza sponji laini inayobonyea. Maumbile ya midomo ya uke hayafanani kati ya mwanamke na mwanamke, kwa hiyo siti aliyosifu rafiki yako kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuwa adhabu kwako.

Pua ya siti nayo, yaani ncha yake ya mbele. Ikiangalia juu hata kidogo, mwanamke aliyeinama anaikalia kwa kinena. Kwa miaka mingi kanuni za shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, zilitaka siti iwe karibu sambamba na ardhi. Kabla ya Olimpiki ya Rio 2016, timu ya baiskeli ya Uingereza ilikwenda kuitetea hoja ya kuinamisha pua hiyo, na kanuni ikalegezwa. Sasa mwinamo unaruhusiwa hadi nyuzi 9. Kwa kawaida mbili au tatu zinatosha. Ukizidisha, utateleza mbele na mikono itabeba mwili mzima hadi vidole vipate ganzi. Pima kwa pimamaji la fundi ujenzi juu ya ubao ulionyooka. Jicho linadanganya. Urefu wa siti nao una mpaka kwenye kanuni hizo: sentimita 24 hadi 30. Mimi hupenda zile fupi, kwa sababu mtu akiinama hana pua ndefu ya kugombana nayo.

Timu hiyohiyo ya Uingereza iliwaambia wanawake wake waache kunyoa na kung'oa nywele za sehemu za siri kwa waksi. Nywele hupunguza msuguano na kuondoa jasho kwenye ngozi. Zikinyolewa, zinaota kwa ndani na kuleta vijipu. Najua kwetu usafi una desturi zake, na sitaki ugomvi na somo wa mtu. Basi angalau punguza kwa mkasi badala ya wembe, na si siku mbili kabla ya mbio. Kaptula ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani. Ukiona haya, vaa bukta pana juu yake. Ukimaliza, ibadilishe hapohapo kabla ya picha na soda.

Uvimbe usioshuka baada ya siku kadhaa, au unaorudi upande uleule, upeleke hospitali. Hannah Dines, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliyeshiriki Paralimpiki ya Rio, alivumilia uvimbe kwa miaka hadi akafanyiwa upasuaji, na mwaka 2019 akayaeleza yote gazetini bila kuficha. Uvimbe wa upande mmoja huweza kumaanisha pia kwamba umekaa kombo, na sababu kubwa ninayoikuta ni siti iliyo juu mno: nyonga inayumba huku na huku kutafuta pedeli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu dada wa Longido. Niliishusha siti yake milimita nane, akaacha kuyumba. Kisha tukafunga gurudumu la nyuma kwenye stendi ya mazoezi, akajaribu siti nne, kila moja dakika ishirini, mikono kwenye pembe za chini za usukani, halafu akaketi wima kama anayepanda mlima. Mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, wanawake walikwenda kilomita 164.6, wakipanda na kushuka vilima, pamoja na ile barabara ya mawe ya Kimihurura. Siti inayokufaa kwa mkao mmoja tu haitoshi.

Aliyoichagua ni fupi, ngumu, yenye upana wa milimita 143, na kwenye kasha imeandikwa ya kiume. Tulipoifunga nilipima upya kimo, kwa sababu siti hazilingani unene na ile ya jeli ilikuwa ikimzamisha. Nikamwambia aende Longido na kurudi mara tatu kabla ya kuniletea majibu, na kama mbio ziko wiki hiyo, afunge ya zamani bila jeli ya juu. Ile jeli ya juu aliiacha kwangu. Naitumia kupigia magoti nikitengeneza pedeli.