Je, wajua kwa nini rangi ya jeraha haitaji siku ya kipigo?

Mahabusu anafikishwa mahakamani, mgongo umejaa alama. Polisi wanasema alikuja nazo kituoni; yeye anasema alipigwa humo humo. Daktari anaitwa, na wengi huamini atamaliza ubishi kwa kutazama rangi tu: nyekundu ya leo, bluu ya jana, kijani ya siku tano, manjano ya wiki. Majedwali ya namna hiyo yalichapishwa kwa miaka mingi katika vitabu vya tiba, na hayakuwahi kukubaliana.

Rangi zenyewe si uzushi. Damu ikivilia chini ya ngozi, seli za kinga huvunja hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, ikawa biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano. Shida ni safari ya damu hiyo. Fikiria bati lililotoboka juu ya mlango: maji hufuata boriti, na doa hutokea kesho yake kwenye dari upande wa pili wa chumba. Damu ya kipigo cha ndani nayo hupenya kati ya misuli na mafuta. Aliyepigwa pajani anaweza kuona alama karibu na goti siku kadhaa baadaye, ikiwa imeshaanza kubadilika. Alama mbili za kipigo kimoja huonekana kama za wiki mbili tofauti.

Manjano pekee ina la kusema. Utafiti wa picha uliochapishwa 1991 haukuiona kabla ya saa 18 kupita tangu kipigo. Kwa aliyekaa selo saa sita, hilo ni jambo zito. Kwa aliyekaa siku nne, halisaidii kitu. Tena macho hutofautiana katika kuiona manjano, na uwezo huo hupungua kwa umri, yaani kadiri daktari anavyozidi kuwa mzoefu. Kwenye ngozi nyeusi ni vigumu zaidi.

Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso tangu 1999, haimtaki daktari apige ramli ya tarehe. Humuuliza jeraha linaendana kiasi gani na maelezo ya aliyeumia. Hapo umbo hushinda rangi: rungu huacha mistari miwili sambamba na katikati pakavu, kwa kuwa damu husukumwa pembeni. Chombo kinakaribia kujulikana. Siku hutafutwa kwenye karatasi, katika uchunguzi wa kitabibu aliofanyiwa mtu alipoingia selo, kama ulifanyika.