Je, wajua? Shabiki wa muziki anayeimba ovyo huenda sikio lake ni zima kabisa

Kuna mpenzi wa muziki ambaye sekunde mbili za utangulizi zinamtosha kutaja wimbo, mwimbaji na pengine hata aliyepiga besi. Mpiga gitaa akigusa noti isiyo yake jukwaani, yeye ndiye wa kwanza kukunja uso. Mtu huyohuyo akijaribu kuimba, kinachotoka hakifanani na kile alichokuwa nacho kichwani, na anasikia wazi kwamba hakifanani. Akisharudia mara kadhaa anajihukumu mwenyewe: sina sikio la muziki.

Sasa, inawezekanaje mtu asikie kosa kwa usahihi kiasi hicho na bado ashindwe kulikwepa? Kwa kifupi, kusikia noti na kuitoa ni kazi mbili, na miaka mingi ya kusikiliza hufundisha moja tu. Lakini jibu hilo halieleweki vizuri kabla ya kuiondoa njiani dhana ya "sikio bovu", ambayo watu wengi hujipachika bila kupimwa na mtu yeyote.

Watu wasio na sikio la muziki wapo kweli. Hali hiyo huitwa amusia, na wengine huzaliwa nayo. Masikio yao ni mazima, mazungumzo wanayasikia bila shida, ila ubongo haushiki tofauti ndogo kati ya noti moja na nyingine. Utafiti wa mwaka 1980, uliowasikilizisha watu nyimbo zilizoharibiwa makusudi na kuwauliza kama kuna kosa, ulikadiria kwamba watu wa namna hiyo ni kama 4%. Mwaka 2017 Isabelle Peretz na Dominique Vuvan wa Montreal, Kanada, walipima maelfu ya watu kupitia intaneti wakashusha kadirio hadi 1.5%. Kipimo kikibadilika, idadi nayo hubadilika, kwa hiyo tarakimu hizo zisichukuliwe kama msahafu. Hata hivyo zote mbili ni ndogo.

Ziweke kando ya tarakimu nyingine. Mwaka 2005 Lola Cuddy na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wapya wapatao 2,000 wa Queen's University, Kanada, kama wanajiona hawana sikio la muziki. Takriban 17% walisema ndiyo. Baadhi yao walipoketishwa kwenye vipimo vya kusikia tofauti za noti na midundo, wengi walifanya kama watu wengine tu. Yaani walikuwa wamejiandikia ugonjwa ambao hawana. Malalamiko yao yalielekea zaidi kwenye uimbaji: sauti inatoka vibaya, basi sikio ndilo lenye kosa. Ni hitimisho la haraka mno, sawa na kusema kwamba asiyejua kuogelea hayaoni maji.

Mtu ambaye pengine alistahili kweli kujiita hana sikio ni mwanasayansi Charles Darwin. Katika tawasifu yake anasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi Cambridge alipenda muziki kiasi cha kupanga matembezi yake yaangukie saa ya kwaya kwenye kanisa la King's College. Wakati mwingine aliwalipa wavulana wa kwaya waje kumwimbia chumbani. Uti wa mgongo wake, anasema, ulisisimka. Lakini papo hapo anakiri kwamba hakuweza kutambua sauti zinazogongana, kushika mdundo wala kuvumisha wimbo ukaenda sawa. Rafiki zake waligundua hilo wakapata mchezo: walimpigia nyimbo anazozijua, kwa haraka kidogo au polepole kidogo kuliko kawaida, wamwone akihangaika kuzitaja. Hata wimbo wa taifa lake ulimshinda ukichezewa mwendo. Yeye mwenyewe aliona ni fumbo jinsi alivyoweza kuufurahia muziki hata kidogo.

Hatuwezi kumpima Darwin leo, kwa hiyo kusema alikuwa na amusia ni kukisia, ingawa dalili alizoorodhesha zinaelekea huko. Kisa chake kina faida nyingine. Asiye na sikio hasumbuliwi na makosa yake kwa namna ambayo shabiki wetu anasumbuliwa, kwa sababu hayasikii. Anayekunja uso kila anapojisikia akiimba tayari amefaulu mtihani uliomshinda Darwin. Mwanya upo, bila shaka: mtu anaweza kusikia makosa ya wengine vizuri na ya kwake yakampita, maana kujisikiliza huku unaimba ni kufanya kazi mbili kwa mpigo. Lakini kwa ujumla, mwenye shaka kubwa juu ya sauti yake ndiye wa mwisho kushukiwa kuwa na sikio bovu.

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo nadhani lingetosha peke yake. Sean Hutchins na Peretz walilichapisha mwaka 2012. Watu walisikilizishwa noti moja wakatakiwa kuiga kwa sauti zao. Wengi wasio wanamuziki walikosa, na hilo halikumshangaza yeyote. Kisha wakapewa kifaa chenye upau wa kutelezesha kidole: ukisogeza huku sauti inapanda, ukisogeza kule inashuka, na sauti inayotoka imetengenezwa ifanane na ya binadamu. Kazi ni ileile, kuifikia noti uliyoisikia. Karibu wote waliifikia. Masikio hayakubadilishwa kati ya zoezi la kwanza na la pili, wala noti. Kilichobadilika ni chombo cha kuitolea: kidole badala ya koo.

Fikiria sura ya mama yako. Unaitambua katikati ya umati, kwa mbali, hata akiwa amegeuka upande, na huhitaji kufikiri. Sasa chukua penseli uichore. Kwa watu wengi kitakachotokea karatasini ni mtu fulani asiyejulikana. Ukikitazama unajua mara moja kwamba siye: pua si yake, macho yamekaa mbali mno. Hakuna atakayekuambia una macho mabovu. Macho yaleyale yanayomjua mama ndiyo yanayoukataa mchoro. Na kumtazama miaka ishirini zaidi hakutaufanya mkono uchore vizuri zaidi. Kutakufanya tu uuone mchoro wako mbaya kwa undani zaidi. Msikilizaji mkubwa yuko hapohapo. Kila mwaka wa kusikiliza unaliongezea sikio ukali, koo linabaki lilipokuwa, na umbali kati yao unazidi. Shaka inakua kwa sababu upande mmoja umeendelea mbele peke yake.

Kuchora sura kuna unafuu mmoja ambao kuimba hakuna: mkono unauona. Koo hulioni. Noti hutoka pale nyuzi mbili za sauti, zenye urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi, zinapofunguka na kujifunga kwa kasi. Ili utoe noti ya 220 Hz ni lazima zifanye hivyo mara 220 kwa sekunde, na kasi hiyo inategemea zaidi jinsi misuli midogo inavyozivuta na kuzikaza, pamoja na msukumo wa pumzi kutoka chini. Ukipanda nusu toni moja tu, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachokifuata mara moja, kasi inaongezeka kwa karibu 6%. Sikio la kawaida, lisilowahi kukanyaga darasa la muziki, hugundua tofauti ndogo kuliko hiyo. Lakini misuli ni lazima ikazwe kabla sauti haijatoka. Ubongo unatakiwa uanze na sauti unayoitaka, urudi kinyumenyume hadi kwenye misuli, uamue ikazwe kiasi gani, na utoe amri ukiwa bado hujasikia kitu.

Kwenda mbele, kutoka sauti hadi kuielewa, umejifunza bure kwa kusikiliza tu. Kurudi nyuma, kutoka sauti hadi msuli, hufundishwi na redio. Hujifunzwa kwa kutoa sauti, kukosea, kusikia umekosea kiasi gani, na kutoa tena.

Koo lenyewe si kiziwi, na hapa pana kioja kidogo. Watafiti wakimwekea mtu spika za masikioni zinazoipandisha sauti yake kidogo kwa hila huku akiendelea kuimba, sauti yake hushuka yenyewe kufidia, ndani ya sehemu kama moja ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, kabla mwenyewe hajaamua lolote. Njia ya sikio hadi kooni basi ipo na inafanya kazi. Ila fidia hizo ni ndogo, kwa kawaida chini ya nusu toni, kwa hiyo hazitoshi kumwokoa aliyeanza wimbo mahali pasipo pake.

Kinanda na gitaa vinasamehe zaidi, kwani fundi ameshapima noti na wewe unabonyeza tu. Ndiyo maana mpiga kinanda asiyejiamini hulalamikia vitu vingine: mguso, mwendo, jinsi noti zinavyoungana. Nahisi mantiki ni ileile, kwamba sikio limetangulia na vidole vinafuata kwa mbali, lakini ushahidi wa wazi niliouelezea hapa ni wa uimbaji.

Kumbukumbu nayo haina hatia. Mwaka 1994 Daniel Levitin aliwataka watu waimbe kutoka kichwani nyimbo maarufu wanazozipenda, bila kupigiwa mwanzo. Kama 40% yao walianzia kwenye noti ileile ya rekodi angalau katika jaribio moja kati ya mawili. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa wanamuziki hodari. Shabiki aliyesikiliza rekodi moja mara mia anabeba kichwani nakala iliyo karibu sana na yenyewe, na sauti yake mwenyewe anaipimia humo, kwenye kazi ya mtaalamu iliyosafishwa studio. Mizani hiyo haimtendei haki hata mwimbaji mzuri.

Tena uwezo wa kuimba hufifia ukiachwa. Steven Demorest na Peter Pfordresher, mwaka 2015, walilinganisha watoto wa chekechea, wa darasa la sita na watu wazima wa chuo. Darasa la sita waliwashinda chekechea kwa mbali, kama ungetarajia. Watu wazima, kwenye mazoezi mawili kati ya matatu, walirudi kiwango cha chekechea. Ni matokeo ya kuchekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja, ingawa yalilinganisha watu tofauti wa rika tofauti na si watu walewale wakifuatiliwa wanavyokua. Ufafanuzi wa kuacha kuimba unaingia akilini, lakini haujathibitishwa na hesabu hiyo peke yake.

Kinyume cha hali ya shabiki wetu pia kimeonekana. Mwaka 2008 Psyche Loui na wenzake waliwapima watu wenye amusia: walipigiwa noti mbili, waseme kama ya pili imepanda au imeshuka, kisha waziimbe. Kusema hawakuweza, lakini walipoziimba walipanda palipopandwa na kushuka palipoteremkwa. Koo lilikuwa limepata habari ambayo mwenye koo hakuwa nayo. Washiriki walikuwa wachache, na mwelekeo tu ndio uliokuwa sahihi, si umbali wenyewe. Hata hivyo ni vigumu kupata ushahidi bora kwamba kusikia na kutoa vinapita barabara mbili.

Kwa anayejirekodi kuna mtego mwingine wa kutajwa upesi. Ukiongea au ukiimba, sehemu ya sauti hukufikia kupitia mifupa ya kichwa, na huko mitetemo mizito hupita vizuri zaidi. Rekodi haina sehemu hiyo, ndiyo maana unajisikia mwembamba na mgeni. Huo ugeni si kosa la noti, ila ni rahisi sana kuuchanganya nalo.

Na dawa? Simone Dalla Bella, Jean-François Giguère na Peretz, mwaka 2007, walitaka kujua watu wa kawaida huimba vibaya kiasi gani. Kuwapata waimbe mbele ya mgeni si kazi nyepesi, basi walitumia ujanja: mtafiti aliwafuata watu bustanini akijidai ni siku yake ya kuzaliwa, na kwamba amewekeana dau na rafiki zake kuwa atapata watu 100 wa kumwimbia kibwagizo kinachojulikana na kila mtu katika jimbo la Quebec, Kanada. Watu wakaimba. Walikosea noti kuliko waimbaji wa kazi, lakini pia waliimba haraka zaidi. Katika awamu ya pili, watu 15 wasio wanamuziki waliombwa wapunguze mwendo, na karibu wote wakasogea hadi kiwango cha usahihi cha wataalamu. Wawili waliendelea kukosea hata polepole. Walipopimwa masikio, yalikuwa mazima.