Mkandarasi wa Taka Hawezi Kukubebea Sheria

Juma hili mwenye duka la jumla Kariakoo ameniambia maneno ambayo nimekwisha kuyasikia kwa wenye migahawa ya Sinza na kwa mameneja wa hoteli za Masaki: kwamba kwa kuwa kampuni ya taka inalipwa kila mwezi, mambo ya plastiki na ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni ya kampuni hiyo, na yeye kazi yake ni kuuza. Naandika kwa sababu imani hii inawagharimu watu fedha, na kwa sababu inawafanya wakose msaada ambao sisi wa kampuni za taka kwa hakika tunaweza kuwapa.

Kanuni za kupiga marufuku mifuko ya plastiki, zilizoanza kutumika Juni 1, 2019, haziusubiri mfuko ufike kwenye pipa. Zinahusu kuuingiza nchini, kuuzalisha, kuuza, kusambaza, kuhifadhi na kuutumia. Gari letu linapofika nyuma ya jengo lako, hayo yote yamekwisha kutendeka, na yametendeka mikononi mwako. Hata anayekutwa akiutumia tu anakabiliwa na faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kwa muuzaji na msambazaji adhabu ni kubwa zaidi. Stakabadhi ya ada ya taka haifuti kosa hilo.

Tunachoweza kukufanyia ni kukusomea manunuzi yako kupitia taka zako. Tukiyamwaga mapipa juu ya turubai, tukachambua na kupima kila aina kwenye mizani, tunaona vitu ambavyo havimo katika daftari la stoo. Kinachojitokeza mara nyingi ni vile vifungashio vyepesi visivyo na mishikio, ambavyo jikoni hufungiwa chipsi za mteja wa kuondoka nazo, ingawa serikali ilikwisha kuvisimamisha kutumika kama vibebeo mwaka 2021. Mwenye mgahawa hushangaa kwa dhati, kwa kuwa hakuvinunua yeye. Vimeletwa na muuza nyanya na muuza viungo, na mpishi akaona ni hasara kuvitupa. Ukishajua vinapoingilia, unazungumza na mleta mzigo, na jambo linakwisha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichosha kuliko yote. Ile mifuko laini yenye rangi, inayofanana na kitambaa, ambayo sote tunaiita mifuko mbadala, ni plastiki. Imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa viroba vya mchele, isipokuwa nyuzi zake zimegandishwa kwa joto badala ya kufumwa. Imeruhusiwa kwa sharti la uzito: kiwango cha TBS, shirika la viwango la taifa, ni gramu 70 kwa mita moja ya mraba, na mfuko mwepesi kuliko huo haukubaliki hata ukiwa na maandishi mazuri namna gani. Wafanyabiashara hununua bando zima kwa kuupapasa mfuko mmoja kwa vidole, ilhali kipimo chake ni rahisi. Kata vipande 10, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, uviweke pamoja kwenye mizani ndogo ya sonara. Vikifika gramu 7, mzigo uko sawa. Vikisoma 4, mrudishie muuzaji kabla mkaguzi hajaingia dukani. Kipimo hiki tunawafanyia wateja wetu, na ningependa kila mwenye stoo ajifanyie mwenyewe.

Hapa nina shaka ambayo husemwa kwa nadra kwenye semina. Mfuko mbadala wa sentimita 30 kwa 40, ukiacha mishikio, una takriban gramu 17 za plastiki. Mfuko wa Rambo, yaani ule mwembamba uliopigwa marufuku, wa ukubwa huohuo na wenye unene wa maikroni 30, ulikuwa na gramu kama 7. Maana yake ni kwamba mfuko mbadala unaotumika mara moja na kutupwa unapeleka dampo la Pugu plastiki zaidi ya mara mbili, na faida huanza kuonekana mteja anapoutumia kwa mara ya tatu. Kwenye turubai naiona mingi ambayo haijafika huko. Silaumu marufuku, kwa kuwa mfuko mwembamba ndio uliokuwa ukipeperuka na kuziba mitaro yetu kila masika, na hilo ni dhara ambalo mizani haipimi. Lakini siwezi kumwambia mteja kwamba ameacha plastiki kwa sababu amebadilisha mfuko. Mwambie mnunuzi wako aje na mfuko wake. Ndipo kanuni inapozaa matunda.

Kuhusu vyombo vinavyouzwa kwa jina la plastiki inayooza nitasema kwa ufupi. Vingi huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58, na joto hilo halipatikani kwenye pipa lako wala kwenye kizimba cha mtaa. Vikichanganyika na makopo ya maji huharibu mzigo wa mchakataji, kwa hiyo viwekwe kando.

Makopo na madumu yana wanunuzi, mradi hayajalowa mchuzi. Ndoo moja ya mabaki ya chakula ikimwagwa juu yake, mnunuzi hushusha bei au hukataa kabisa. Plastiki nyembamba iliyofungia katoni inakubalika ikiwa kavu na safi. Ikilowa, hata tukiichambua kwa uangalifu wote huishia Pugu, na mara nyingine najiuliza kama ni haki kumlipisha mteja kazi ya kuichambua. Kwa sasa nawashauri waitenge pale wanapofungua mzigo, kabla haijaingia jikoni.

Kwa hiyo, ukiwa na mkataba na kampuni yoyote ya taka, idai karatasi ya uzito kwa kila aina ya plastiki kila mwezi, uilinganishe na ankara zako za manunuzi. Na siku ya kumwaga mapipa, usituachie mfanya usafi peke yake. Mlete anayenunua mzigo wa stoo asimame nasi kwenye turubai, kwa kuwa yeye ndiye mwenye namba ya simu ya anayekuletea vifungashio.