Kupeleka jeni kwenye moyo uliopata mshtuko: dhana potofu na ukweli

Mtu anapopata mshtuko wa moyo, mshipa unaoulisha moyo huziba, na misuli iliyotegemea damu ya mshipa huo hufa kwa kukosa oksijeni. Mshtuko mkubwa unaweza kuua seli zipatazo bilioni moja. Mahali pake hujengeka kovu, ambalo huzuia ukuta wa moyo usipasuke lakini halidundi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba seli za misuli ya moyo haziongezeki tena baada ya utotoni. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi, wakipima ndani ya seli za moyo kaboni ya mionzi iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, walionyesha kuwa mtu wa miaka 25 hupata upya takriban asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na kwamba kiwango hicho hushuka chini ya nusu yake afikapo miaka 75. Uwezo upo, ila ni hafifu mno kuziba pengo la mshtuko, na jeni hupelekwa moyoni ili kuuchochea.

Anayebeba jeni mara nyingi ni kirusi kijulikanacho kwa kifupi kama AAV, na hapo ndipo hofu huanza: je, mgonjwa hataambukizwa? Kirusi hiki hakijulikani kusababisha ugonjwa wowote kwa binadamu, tena jeni zake huondolewa kabla ya kupakiwa jeni ya tiba. Kikwazo chake ni kingine. Watu wengi wamekwisha kukutana nacho bila kujua, kwa hiyo damu yao ina kingamwili za kukizima kabla hakijafika. Wala haitoshi kukidunga mkononi na kungoja, kwa kuwa sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ndiyo maana madaktari hutumia katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu, inayofika kwenye mishipa ya moyo, au sindano ya moja kwa moja kwenye msuli.

Dhana iliyo ya hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba jeni ikidumu zaidi ndivyo tiba inavyokuwa bora. Mwaka 2019 watafiti wa London na Italia walieleza jinsi walivyotumia AAV kuwapa nguruwe waliopata mshtuko wa moyo kipande cha RNA (molekuli inayobeba au kudhibiti maagizo ya jeni) kinachochochea seli kugawanyika. Baada ya mwezi mmoja kovu lilikuwa limepungua na moyo ukisukuma damu vizuri zaidi. Kisha wengi wa nguruwe waliotibiwa wakafa ghafla kwa mapigo ya moyo yaliyovurugika, kwa sababu kichocheo kile hakikuwa na namna ya kuzimwa. Ndiyo sababu wengine wanapendelea RNA mjumbe, ambayo huvunjika ndani ya siku chache na kuacha seli katika hali yake.

Wapo wanaoamini kuwa tiba imeshapatikana, na kwamba kilichobaki ni bei tu. Jaribio la CUPID 2, lililochapishwa mwaka 2016, liliwapa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi jeni ya SERCA2a, inayosaidia misuli ya moyo kukaza na kulegea, kwa katheta. Washiriki walikuwa 250, na waliopewa jeni hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Vipande vya moyo vilivyochunguzwa baadaye kutoka kwa wachache wao vilikuwa na kiasi kidogo mno cha jeni hiyo, kiasi kwamba ni vigumu kusema kama yenyewe ilishindwa au haikufika.