Je, Vimelea vya Malaria Vimeizoea Dawa? Maswali na Majibu Kuhusu Vipimo vya Usugu Maabara

Nilimaliza dozi ya dawa mseto, homa ikarudi. Naweza kuomba maabara ipime kama vimelea vyangu ni sugu?

Kuomba unaweza, lakini karibu kila hospitali itakwambia haina kipimo hicho, na haikudanganyi. Vipimo vya usugu hufanyika katika maabara za utafiti, huchukua siku kadhaa, na majibu yake hayalengi kumtibu mgonjwa mmoja. Hukusanywa ili ijulikane vimelea wa eneo zima wanaelekea wapi.

Wewe rudi kituoni haraka upimwe tena, na ni vizuri damu iangaliwe kwa hadubini. Vipimo vingi vya haraka vya kuchoma kidole hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, nayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mstari wa pili ukitokea siku chache baada ya kumaliza dozi, peke yake hauthibitishi kwamba dawa imeshindwa. Hata hadubini ikiona vimelea, usugu ni sababu moja tu. Huenda ulitapika vidonge, uliruka dozi, uliuziwa dawa bandia, au uling'atwa upya na mbu mwenye vimelea. Huenda pia ulimeza dawa yenye lumefantrini tumbo likiwa tupu, na lumefantrini hufyonzwa vizuri inapomezwa pamoja na chakula chenye mafuta.

Kimelea wa malaria anaishi vipi nje ya mwili wa mtu?

Swali hili liliwasumbua watafiti kwa miongo mingi. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitangaza kwamba wamefaulu kumkuza Plasmodium falciparum mfululizo maabara. Walihitaji seli nyekundu za damu ya binadamu, maji yenye virutubisho, seramu, joto la nyuzi 37, na hewa yenye oksijeni kidogo na kaboni dioksidi nyingi kuliko hii tunayovuta. Hewa hiyo waliipata kwa mshumaa. Sahani za vimelea ziliwekwa ndani ya chombo kikubwa cha kioo, mshumaa ukawashwa humo, na kifuniko kikabanwa ulipokaribia kuzimika. Sidhani kama mshumaa umewahi kufanya kazi kubwa kuliko hiyo katika historia ya tiba.

Kwa kipimo cha usugu, damu huchukuliwa kabla mgonjwa hajameza dawa yoyote ya malaria. Aliyekwisha kujitibu nyumbani huwa hafai, kwa kuwa dawa iliyomo kwenye damu yake ingevuruga hesabu yote.

Na dawa inapimwaje hapo?

Damu yenye vimelea hugawanywa kwenye trei ya plastiki yenye visima vidogo 96. Baadhi ya visima havina dawa kabisa, na vingine vina dawa ya nguvu inayopanda hatua kwa hatua. Trei hukaa kwenye joto saa 48 hadi 72, muda wa mzunguko mmoja wa kimelea ndani ya seli au zaidi kidogo, kisha hupimwa vimelea wamekua kiasi gani katika kila kisima. Kiwango cha dawa kinachopunguza ukuaji kwa nusu huitwa IC50. Dawa ikihitajika nyingi zaidi ili kufikia nusu hiyo, kimelea ni mgumu zaidi. Vimelea wanaojulikana tabia zao, kama 3D7 anayeuawa na klorokwini na Dd2 anayeistahimili, hupimwa sambamba ili kuhakikisha trei yenyewe haidanganyi.

Kupima huko kuna njia nyingi. Ya zamani ni jicho na hadubini: mtaalamu huhesabu ni vimelea wangapi wamefikia hatua ya kugawanyika. Haihitaji mashine ghali, ila inachosha, na wahesabuji wawili huweza kupishana. Mwaka 1979 ikaja njia ya mionzi. Kimelea hawezi kujitengenezea purini, malighafi mojawapo ya DNA, hivyo huinyakua kutoka nje. Akipewa haipozanthini, purini mojawapo, iliyotiwa alama ya mionzi, kiasi alichomeza huonyesha alivyokua. Njia hii ni sahihi sana, lakini taka zake za mionzi ni mzigo kwa maabara ndogo.

Tangu mwaka 2004 maabara nyingi zimehamia kwenye rangi iitwayo SYBR Green, ambayo hung'aa inaposhikamana na DNA. Ujanja wake ni mzuri mno: seli nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo DNA inayong'aa inakuwa ya kimelea. Ila seli nyeupe zina kiini, na zikibaki kwenye sampuli mwangaza wake unaharibu kipimo. Kuna pia njia za kupima protini za kimelea, ile ile HRP2 au kimeng'enya chake cha laktati, kwa kipimo kinachotumia kingamwili.

Kwa hiyo IC50 ikiwa ndogo, dawa itaniponya?

Hapana, si lazima. Kwenye trei hakuna ini, hakuna tumbo, hakuna kinga ya mwili. Mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi huweza kusaidiwa na kinga yake kumaliza vimelea waliodhoofishwa tu na dawa, wakati mtoto mdogo mwenye vimelea hao hao huenda asipone. Dawa nyingine hazifanyi kazi mpaka zipite kwenye ini, mfano proguanili, ambayo ini huigeuza kuwa sikloguanili. Ukiiweka proguanili yenyewe kwenye trei utaionea. Na sulfadoksini ina kero yake: hushambulia njia ya kimelea ya kutengeneza foleti, sasa maji ya kukuzia yakiwa na asidi ya foliki nyingi, kimelea hupata mlango wa kutorokea na dawa huonekana haina nguvu.

Nimesikia kipimo hiki kilishindwa kuona usugu wa artemisinini, dawa kuu ndani ya dawa mseto. Ilikuwaje?

Ni kweli. Magharibi mwa Kambodia, wagonjwa waliotibiwa kwa dawa ya jamii ya artemisinini walianza kuchelewa kusafika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha Pailin, Kambodia, na Wang Pha, Thailand. Vimelea walichukua takribani saa 84 kutoweka Pailin, na saa 48 Wang Pha. Tofauti ilikuwa wazi kwa wagonjwa, lakini IC50 haikuionyesha.

Tatizo lilikuwa swali lenyewe. Trei inamloweka kimelea kwenye dawa siku mbili au tatu, ilhali artemisinini mwilini hutoweka ndani ya saa chache. Vimelea sugu wa Kambodia hawakuwa na ukuta wa kuizuia dawa. Walipokuwa bado wachanga, katika umbo la pete ndani ya seli, walipunguza shughuli zao, wakasubiri dawa ipite, kisha wakaendelea kukua. Ukiwaacha ndani ya dawa saa 72, wanakufa kama wenzao, na wewe unaandika kwamba hakuna usugu.

Jibu lilikuwa kipimo kinachoiga kinachotokea mwilini, kilichochapishwa mwaka 2013. Kwanza vimelea husawazishwa umri, wakubwa wakiondolewa kwa sorbitoli inayopasua seli zao, hadi wabaki wachanga wasiozidi saa 3 tangu waingie kwenye seli. Kisha huwekewa dihaidroartemisinini ya nanomola 700 kwa saa 6 tu, dawa huoshwa, na vimelea huachwa waendelee kukua. Saa 72 tangu kipimo kuanza, waliosalia hulinganishwa na wale ambao hawakupewa dawa kabisa. Wakifikia asilimia 1 au zaidi, ni dalili ya usugu. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini mgonjwa anaweza kuwa na vimelea mabilioni.

Si rahisi kusoma vinasaba tu?

Ni rahisi zaidi, ndiyo. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio husafiri bila barafu, na DNA yake husomwa mbali na kijiji cha mgonjwa. Badiliko la K76T kwenye jeni ya pfcrt huashiria usugu wa klorokwini. Mabadiliko kwenye jeni ya Kelch13 huashiria ule wa artemisinini, kwa mfano C580Y Kusini-Mashariki mwa Asia, R561H Rwanda, na A675V na C469Y Uganda.

Ila kusoma jeni huonyesha kile tu kilichokwisha kujulikana. Bila mtu kukaa na trei na saa yake, hakuna ambaye angejua Kelch13 inahusika. Vinasaba vina faida nyingine pia: vinaonyesha usugu ukirudi nyuma. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993. Vimelea wenye K76T wakapungua hadi kutoonekana, na jaribio lililochapishwa mwaka 2006 likaonyesha dawa hiyo ikiponya karibu watoto wote huko.

Vipi malaria ya vivax?

Kimelea wake, Plasmodium vivax, ni aina tofauti na falciparum, na hajakubali kukuzwa mfululizo maabara, kwa sababu hupendelea seli nyekundu changa ambazo ni chache kwenye damu. Hupimwa kwa mzunguko mmoja tu, damu ikiwa bado mbichi.

Basi nani anaamua dawa ya nchi ibadilishwe?

Uamuzi huegemea zaidi kwa wagonjwa kuliko trei. Katika tafiti za ufanisi wa tiba zinazofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, wagonjwa humeza dozi mbele ya mhudumu, kisha hufuatiliwa siku 28 au 42 kutegemea dawa. Vimelea wakionekana tena, DNA yao hulinganishwa na ya siku ya kwanza. Wakifanana, dawa imeshindwa. Wakitofautiana, huyo ni mbu mpya. Waliofeli baada ya marekebisho hayo wakizidi asilimia 10, nchi hushauriwa kubadili dawa.